Nyumba ya Kuazima (7): Mwenye Nyumba Yuko Jikoni

"Nyumba hii ni ya nani?"

Wiki iliyopita tulimwacha Lasinem na sinia la chai mikononi, sebule nzima ikisubiri jibu lake. Aliyeuliza alikuwa Pak (yaani Bwana) Wiryanto, msimamizi mpya wa fedha za serikali kwa familia maskini. Alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, viatu miguuni.

Mwenye nyumba wa kweli alikuwa jikoni, akipuliza moto.

"Yangu," Lasinem akajibu.

Neno lilimtoka kabla hajalitazama. Alilisikia likitua sakafuni, juu ya vigae ambavyo si vyake, katikati ya kuta za mtiki ambazo si zake.

Wewe msomaji unajua, na mimi najua. Nyumba ya Lasinem ni ile ya mianzi karibu na kisima, yenye sakafu ya udongo, na ukutani maandishi mekundu: FAMILIA MASKINI. Kila anayepokea fedha zile huandikwa hivyo, apende asipende. Hii ya mtiki ni ya jirani yake, Mbah (yaani Bibi) Tukinah, mkongwe asiye na mume wala mtoto. Alimwazima kwa moyo mweupe, ili Wening, binti wa Lasinem, achumbiwe bila aibu.

Naye Lasinem alilipa vipi wema huo? Mama wa mchumba alipouliza yule bibi ni nani, alisema, "Ni mpishi wetu."

"Yako?" Pak Wiryanto alikunja uso. "Mama Lasinem, si wewe wa ile ya..."

"Karibu nje, Pak! Humu joto!" Lasinem aliweka sinia chini, akamshika mkono, akamtoa kama mtu anayefukuza kuku shambani.

Nyuma yao Bu (yaani Mama) Murdiyah, mama wa mchumba, alicheka. Alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku kutoka mjini, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni.

"Nani huyo? Anauza simu?"

"Anapima nyumba, mama," Wening alijibu, macho chini.

"Aipime! Nyumba kama hii ipimwe hata mara mbili. Siyo ile tuliyoipita pale kisimani. Mianzi imeoza, ukuta una maandishi mekundu kama tangazo la dawa ya mbu! Nikamwambia Teguh, mwanangu, mshukuru Mungu hatuendi pale."

Wening hakuinua macho. Teguh, mchumba mwenyewe, alitazama ndani ya glasi yake kama mtu aliyedondosha kitu humo.

Nje, ambako maneno ya Bu Murdiyah yalisikika yote, Pak Wiryanto aliteremsha sauti.

"Mama, nisaidie. Mwezi wa mfungo, kwenye mkutano wetu, nani aliniambia habari za Mbah Tukinah?"

Lasinem aliangalia mlangoni, kama wakwe wanasikia.

"Ni wewe. Ulisema kuna bibi jirani yako hapati kitu. Ulisema kila wanaopima wakija wanaona mtiki na vigae, wanaandika tajiri, wanaondoka. Wala hawafungui chungu chake. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, nipige picha jikoni, niwaonyeshe wakubwa."

"Ni kweli, Pak."

"Sasa nafika, nakuta makochi, runinga, zulia, na wewe unasema nyumba ni yako. Ulinidanganya siku ile, au unanidanganya leo?"

Makochi yalikuwa ya mkuu wa kijiji. Runinga ilikuwa ya kinyozi, na zulia la msikitini. Lasinem alifungua mdomo aseme hivyo. Alikuwa karibu kabisa.

"Jamani, mnaongea juani kama wadai!" Bu Murdiyah alikuwa ameshafika mlangoni. "Baba, ingia unywe chai. Mwenye nyumba mwenyewe kasahau adabu kwa furaha."

Pak Wiryanto akaingia. Na viatu vyake vilevile.

Hapo ndipo Mbah Tukinah alipotokea jikoni na birika. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa alichokifua jana yake makusudi kwa ajili ya siku hii. Alimimina chai kwa Bu Murdiyah kwanza, akainama kama mpishi anavyoinama.

"Bibi, ongeza sukari," alisema Bu Murdiyah bila kumtazama. "Mkono wako mgumu."

"Samahani, mama. Nimeongeza."

"Bibi," Pak Wiryanto aliuliza, "jina lako nani?"

"Wananiita Mbah tu, mwanangu. Mimi wa jikoni."

"Namtafuta Mbah Tukinah. Anaishi hapa?"

Bibi yule aliweka birika chini. Alimgeukia Lasinem, akasubiri. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa anamwachia nafasi, kama mtu anayeshikilia mlango ili mwenzake apite na mzigo.

Lasinem akaanza kupanga glasi.

Basi Mbah Tukinah akatabasamu. "Hapa hakuna mtu anayehitaji kitu, mwanangu. Kunywa chai, itapoa."

Pak Wiryanto alitazama makochi, akatazama runinga. Alibonyeza simu yake kwa kidole gumba.

"Haya. Jina la Mbah Tukinah nimelifunga," alisema. "Asante kwa chai."

Akaondoka. Hivyo tu. Jambo lililosubiriwa miaka lilizimwa kabla chai haijapoa.

Na furaha ikaanza! Bu Murdiyah alifungua kapu walilokuja nalo, akatoa mikate ya mchele unaonata, ile ya kuombea wawili washikamane, na mkungu wa ndizi. Kisha akatoa pete. Alimvisha Wening kwa mkono wake mwenyewe, akampiga kofi dogo la mapenzi shavuni.

"Vidole vya msomi hivi! Teguh aliniambia ulikuwa wa kwanza darasani."

Lasinem alitakiwa acheke. Alicheka. Lakini moyoni alikuwa anajua nani alisomesha vile vidole. Fedha zile ndizo zilizomtoa Wening shambani kwa watu, zikamnunulia sare, zikamfikisha chuo cha ushonaji alikokutana na Teguh. Zilinunua mbuzi wa kwanza. Zilileta mabati juu ya mianzi. Kabla ya hapo, mvua ikinyesha, mama na binti walilala wamekaa, na mara ngapi walikimbilia hapa, kwenye nyumba hii ya mtiki, wakatandikiwa mkeka mkavu?

"Mama mkwe, mbona umesimama kama mgeni?" Bu Murdiyah alimtania. "Mwambie mpishi wako alete kuku tena. Ana mkono mzuri, huyo. Ukichoka naye nipe mimi."

Lasinem alikwenda jikoni.

Alimkuta Mbah Tukinah amekaa kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, anakula haraka haraka. Aliposikia hatua, alifunika sahani kwa jani la mgomba.

"Mbah, umekula?"

"Nimeshiba, nduk." Humwita hivyo, binti, tangu Lasinem alipoletwa kijijini akiwa bibi harusi.

Lasinem aliinua lile jani. Chini yake palikuwa na tiwul, wali wa maskini unaopikwa kwa unga wa muhogo mkavu, na chumvi pembeni. Basi. Kuku hakuwepo, hata mchuzi wake. Chungu cha kuku kilikuwa palepale karibu na goti lake, kimejaa.

"Na kuku?"

"Wa wageni huyo."

"Mbah, kuku huyu umempata wapi? Mimi nilikupa pesa ya samaki tu."

"Samaki wa leo hawakuwa wazuri, wakwe wangekucheka." Bibi alijifuta mikono. "Ni yule wangu mweupe. Alishakuwa mzee kama mimi."

"Alikuwa anataga!"

"Alikuwa anajivuna tu. Usipige kelele, watasikia."

Lasinem aliketi chini, pale penye majivu, na nguo yake ya sherehe.

Kijijini Watuireng, tangu fedha zile zianze, pana ada ambayo hakuna mkubwa aliyeipitisha. Anayepata humpelekea asiyepata: mchele kidogo, mayai, chupa ya mafuta. Lasinem naye alikuwa akimpelekea Mbah Tukinah. Kisha habari za uchumba zilipoanza, akaacha. Mara hii tu, alijiambia. Mara ya pili alijiambia vilevile. Halafu akaacha hata kujiambia.

Na Mbah Tukinah hakuuliza kamwe. Lasinem alikumbuka jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Kila siku ya malipo, akirudi na mfuko wake wa mchele, alikutana na bibi njiani na tenga mgongoni, anakwenda msituni kuokota kuni. Hata siku ambazo kuni zilijaa nyuma ya nyumba.

Alikuwa anaondoka nyumbani, msomaji wangu. Alikuwa anaondoka ili Lasinem asipate shida ya kupita mbele ya mlango wake mikono mitupu.

"Mbah," Lasinem alisema, "kwa nini hukumwambia yule bwana?"

"Ningemwambiaje, na Wening amekaa pale amependeza vile? Yule mtoto nilimpokea mimi mikononi, wewe umezimia. Msaada ukija utakuja, usipokuja nimeshazoea. Mchumba hapiti mara mbili. Haya inuka, umechafuka."

Akaanza kumpangusa majivu mgongoni, taratibu, kwa kiganja.

Lasinem hakuvumilia kiganja kile. Aliruka akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alikimbia na kitenge cha sherehe amekikunja magotini, akapita zizi la mbuzi, akateremka kwenye mawe hadi kisimani. Pikipiki ya Pak Wiryanto ilikuwa imeegeshwa nje ya nyumba ya mianzi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika brashi na ndoo ya chokaa.

Alikuwa anafuta maandishi.

FAMILIA lilikuwa limekwisha kufutika. Lilibaki neno moja tu, jekundu, peke yake ukutani: MASKINI.

Jamani, Lasinem aliyachukia maandishi yale! Aliyaficha kwa mikeka. Alipanda maharage yatambae juu yake. Aliomba mvua iyaoshe. Na leo ndiye anayepiga kelele:

"Usifute! Pak, usifute!"

"Mama, ndiyo kanuni. Mwenye nyumba ya mtiki hawezi kupokea fedha hizi. Ulisema mwenyewe, mbele ya watu."

"Si yangu! Ni ya Mbah Tukinah. Nimeiazima kwa ajili ya wakwe. Makochi ya kuazima, runinga ya kuazima, hata zulia, angalia nyuma yake, lina jina la msikiti!"

"Na Mbah Tukinah mwenyewe yuko wapi?"

"Amekumiminia chai."

Brashi ilisimama hewani. Tone la chokaa lilianguka kwenye kiatu chake.

"Yule mpishi?"

"Si mpishi."

Pak Wiryanto alikaa juu ya jiwe la kufulia. Alivua kofia. Alikuwa kijana bado, karibu Lasinem angeweza kuwa mama yake.

"Nimekunywa chai yake," alisema polepole, "halafu nikamfunga mbele ya macho yake. Naye akaniambia itapoa."

"Unaweza kumfungua?"

"Naweza, kabla sijapeleka taarifa za leo. Lakini mama, nikiulizwa nitasemaje? Sebule nzima imesikia nyumba ni yako. Wewe unaniambia mengine huku nyuma ya kisima, tuko wawili. Maneno yale uliyasema mbele ya watu. Haya nayo uyaseme palepale, nami niwepo nisikie."

"Binti yangu keshavishwa pete!"

"Najua ni vigumu."

"Hujui! Yule mama amemshukuru Mungu kwamba haendi kwenye ukuta huu!"

Pak Wiryanto aligeuka. Aliitazama ile MASKINI ukutani, akatazama ndoo yake.

"Siwezi kukulazimisha," alisema mwishowe. "Kazi yangu ni kumaliza ukuta huu, kisha naondoka." Alichovya brashi, akaikung'uta sana, akagusa ukingo wa herufi kwa ncha tu. "Lakini mimi, mama, hupaka polepole."

Lasinem alielewa. Alipanda yale mawe kurudi juu, safari hii bila kukimbia.

Aliporudi sebuleni, Bu Murdiyah alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, anapanga harusi.

"Wageni wa kiume pale barazani. Jukwaa la maharusi hapa, chini ya nguzo hizi. Mama mkwe, ulikuwa wapi? Tunafungia harusi hapahapa! Na mpishi wako apike, usinibadilishie."

"Bu Murdiyah," alisema Lasinem.

"Sema, mama."

Wening aliuona uso wa mama yake, akajua. Alitikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Na Lasinem, aliyemzaa, aliyelala amekaa na kichwa chake mapajani mvua ikivuja, aliona kabisa kwamba mwanawe anamwomba. Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

"Nyumba hii si yangu."

"Ni ya kurithi, najua, mambo ya ndugu..."

"Si ya ndugu. Yangu ni ile ya kisimani. Ile ya maandishi mekundu, uliyomshukuria Mungu."

Mikono ya Bu Murdiyah ilishuka kutoka kiunoni.

"Na huyu," Lasinem alimwonyesha Mbah Tukinah, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la kuku, "hakuwahi kuwa mpishi wangu. Ndiye mwenye nyumba. Nimemwita mtumishi ndani ya nyumba yake mwenyewe, naye akanitii."

"Anatania," Mbah Tukinah alidakia haraka. "Huyu binti ana homa tangu jana. Nyumba yake hii. Nimempa."

"Lini?" aliuliza Bu Murdiyah.

"Leo. Sasa hivi."

"Mbah, acha," Lasinem akalia. "Acha kunibeba."

Bu Murdiyah hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Uso wake ulikuwa umeiva, na macho yake yalikuwa kwenye mikono ya yule bibi, mikono aliyoiita migumu kwa sukari.

"Nimemtuma mwenye nyumba," alisema, kama anayeongea peke yake. "Nimekaa kwenye kiti chake nikamtuma."

Alimpokea bakuli Mbah Tukinah, akampita, akaingia jikoni.

Walimsikia akigonga vyungu. Kisha akatoka, na mkononi hakuwa na bakuli. Alikuwa na sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba.

"Hiki ni chakula cha nani?"

"Cha kuku," Mbah Tukinah alisema. "Weka chini, mama, utachafuka."

"Kuku yupi? Tenga lake jikoni ni tupu. Si tumemla?"

Mlangoni palikuwa na kivuli: Pak Wiryanto alikuwa amefika, chokaa hadi kiwikoni.

Wening akasimama. Alivua pete, akaiweka juu ya kapu la mikate inayonata. Alichukua sahani mikononi mwa Bu Murdiyah, akakaa chini sakafuni karibu na miguu ya Mbah Tukinah, akamega tonge, akala.

"Ni chakula cha bibi yangu," alisema. "Na mimi nimekulia hiki."

"Wening, nguo yako," alinong'ona Mbah Tukinah. Alimwekea mkono kichwani.

Teguh, ambaye tangu asubuhi hakutoa zaidi ya salamu, aliweka glasi mezani.

"Mama, ile nyumba ya kisimani naijua. Nilishakula pale." Alikunja miguu akakaa mkabala na Wening, akanyoosha mkono kwenye sahani. "Sikukwambia. Niliogopa mdomo wako."

Bu Murdiyah alifumba macho, akayafumbua.

Pak Wiryanto akakohoa. Aliinua simu, lakini safari hii hakuitazama. Alimtazama kikongwe.

"Naomba kuuliza upya. Nyumba hii ni ya nani?"

Lasinem aliuma midomo. Wote walimgojea Mbah Tukinah, naye alitazama nguzo moja baada ya nyingine, akamtazama Wening aliyekuwa na unga mdomoni.

"Yangu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayejaribu kiatu kipya. Akairudia, kubwa kidogo. "Yangu mimi. Na wewe, mwanangu, ukiingia kwangu vua viatu."

Pak Wiryanto aliinama kufungua kamba.

Hapo Bu Murdiyah akalifikia kapu. Aliokota ile pete, akaigeuza kwenye mwanga, akaisugua kwa ukingo wa kitambaa chake mpaka ikang'aa.

Kisha, bila kumtazama mtu, akafungua mkoba; kama ni kuirudisha pete humo au kutoa kitu kingine, msomaji wangu, tutajua wiki ijayo.